Samaki Wenye Mayai

Mwanamume akikuletea kitu kizuri huku anaangalia viatu vyake, usikipokee haraka. Nasema hivyo mimi, Kagure wa Mzee Gicheru, muuza samaki wa Kamakwa, na sikufundishwa na mtu. Niliona kwa macho yangu asubuhi ya Alhamisi, Ngatia alipoingia dukani amebeba kreti, akaliweka mezani, akarudi garini kuchukua jingine, na muda wote huo hakuniambia hata "umeamkaje, mrembo," neno ambalo hajawahi kulikosa tangu tupendane.

"Leo umelala vibaya?" nikamuuliza.

"Nimelala poa. Angalia hizo samaki kwanza."

Nikafukua barafu kwa mkono. Haiya! Mimi nimeuza samaki wa ziwani na wa mabwawa ya Kirinyaga, lakini trauti kama wale sikuwa nimewaona. Trauti ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa na mstari mwekundu ubavuni. Ngatia huwafuga huko juu Tetu, karibu kabisa na msitu, mahali ambapo mto unashuka ukiwa baridi hata vidole vinakufa ganzi. Wale anaoniletea kila wiki hutosha sahani moja. Hawa mkia ungening'inia nje ya sahani.

Lynn, msichana anayenisaidia kuparua na kusafisha samaki, akapiga mluzi. "Aki bosi, Hodo akiona hizi atalia."

Hodo ni mama mwenye hoteli kule Nanyuki, na ndiye mteja wangu mkubwa. Alikuwa ameagiza trauti wa harusi, wakubwa, wa kujaza macho ya wageni, nami nilikuwa nakuna kichwa tangu Jumatatu nikijiuliza nitawatoa wapi. Sasa wako mezani pangu, na wameletwa na mtu ninayempenda. Ningetaka nini tena?

Nikamtazama Ngatia. Ni mrefu, mkimya, ana mabega ya mtu anayebeba maji, na mikono yake haijawahi kupata joto hata siku moja. Mara ya kwanza aliponishika mkono niliruka. Akacheka, akasema, "Pole, hii ni mikono ya mto." Mpaka leo nikiguswa na kitu baridi, moyo wangu humkumbuka yeye kwanza. Lakini asubuhi hiyo mikono alikuwa ameificha mfukoni.

"Pasua mmoja tuone," nikamwambia Lynn.

"Si lazima mpasue," Ngatia akasema upesi. "Hodo anaweza kuzipika nzima."

Lynn alikuwa amekwisha kupitisha kisu. Tumbo likafunguka, na mayai yakamwagika mezani. Ya rangi ya chungwa, manene, mengi, yakaviringika mpaka ukingoni yakaanza kudondoka sakafuni moja moja. Lynn akabaki na kisu hewani. Nje nilisikia wachoma nyama wakigonga mbao zao, na mtu akiagiza mbavu.

Juu ya meza yangu kuna kibao. Kimeandikwa kwa rangi ya buluu: SAMAKI WADOGO HATUUZI. SAMAKI WENYE MAYAI HATUUZI. TUNAACHIA KESHO. Kuuza samaki Kamakwa, mahali watu wanatoka mbali kufuata mbuzi choma, tayari ni ukaidi. Kuuza samaki halafu ukakataa wengine, hapo majirani waliona nimerukwa na akili. "Kagure, wewe unauza ama unahubiri?" walinitania. Lakini hoteli zilinijia kwa sababu ya kibao hicho. Walijua samaki wa Kagure hawajaibwa kutoka mwaka ujao.

Na kibao hicho, msomaji wangu, kiliandikwa na Ngatia kwa mkono wake mwenyewe.

"Hawa ni akina mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Ngatia, umevua akina mama."

"Si wote."

"Wangapi?"

"Karibu nusu. Wengine nimewatenga na wavu. Ningewaleta kesho."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa wasiojua, niwaeleze kidogo. Trauti wa mabwawani hazai mwenyewe. Msimu wa baridi ukifika, Ngatia huwashika akina mama mmoja mmoja, anawakamua mayai taratibu kama mtu anayekamua ng'ombe mwenye haya, anayachanganya na mbegu ya madume, kisha anayalaza kwenye masinia yanayopitiwa na maji mpaka yaanguliwe. Vifaranga vinavyotoka hapo ndivyo vinavyojaza mabwawa yake, na mabwawa ya wafugaji wengine mpaka upande wa Kerugoya. Alinifundisha hata mimi kumjua mama aliye tayari. Unaweka kiganja chini ya tumbo, hubonyezi, unasikiliza tu. Siku hiyo tulisimama ndani ya maji mpaka magotini, kiganja chake chini ya changu, na nikajua nitaolewa na mtu huyu au sitaolewa kabisa.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwani wewe hujui? Jumamosi."

Nilijua. Jumamosi ndiyo siku watu wa kwao walipaswa kuja Giakanja kwa baba yangu na mwati na harika. Kwetu posa haianzi kwa maneno. Inaanza kwa kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa bado, na wakishaingia kwa boma la baba wa msichana, watu wote wanajua huyo ameshikwa. Mara mbili walikuwa wamepanga kuja na mara mbili wakaahirisha. Ya kwanza mvua ilibomoa kingo za mabwawa, ya pili wakafiwa. Baba yangu akatuma neno: Jumamosi hii, ama wasije tena. Na Mzee Gicheru akisema kitu, hata mlima husogea kwanza kuliko yeye.

"Mama amenisumbua," Ngatia akasema. "Kila asubuhi. Ati mwanaume gani anaenda kwa wakwe mikono mitupu. Ati kama nimeshindwa, kuna yule msichana wa Kangema, kwao wako na majani chai, na hanuki."

"Hanuki!" Lynn akafoka. "Na huyo mama yako, mwanawe anafuga nini, maua?"

"Lynn, nenda nje kidogo," nikamwambia. Akaenda, lakini hakwenda mbali, niliona kivuli chake mlangoni.

Mama Ngatia hajawahi kunipenda. Mwanawe anafuga samaki, anaingia nyumbani na magamba kwenye mikono ya sweta, lakini mimi ndiye ninayenuka. Nilikuwa nimezoea. Kilichoniuma siku hiyo si maneno yake. Ni kwamba Ngatia alikuwa ameyasikiliza.

"Nimefanya hivi kwa ajili yako, Kagure." Sasa ndipo aliponiangalia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Unafikiri ilikuwa rahisi? Nimelea hao samaki miaka. Kuna mmoja hapo anakuja akisikia miguu yangu. Nimemtoa mwenyewe kwa maji. Kwa sababu wewe ni mkubwa kuliko samaki."

Ningekuwa mwanamke mwingine ningeanguka kifuani pake. Na sitawadanganya, nilitaka.

"Usinibebeshe huo mzigo," nikasema. "Mimi sikukutuma. Ungeniuliza, ningekuambia ngoja."

"Baba yako hangoji!"

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize, halafu? Tukae tukiulizana mpaka uende kwa mwingine?"

"Mwingine yupi, Ngatia? Mwingine yupi?"

Akachukua yai moja lililokuwa limenata kwenye meza, akaliangalia kwenye ncha ya kidole, akalirudisha pale pale.

"Wameshakufa," akasema kwa upole. "Hata ukikataa hawatafufuka. Nunua hizi tu, Kagure. Mara hii moja. Hodo apate samaki za harusi, mimi nipate kondoo na mbuzi, Jumamosi tuje, halafu mambo yaishe. Hizo zimebaki ntaziacha."

"Na mwaka ujao mvua ikibomoa tena? Tutasema mara hii moja?"

"Kwa hivyo hununui."

"Sinunui."

"Unajua Jumamosi hakutakuwa na kitu. Unajua baba yako atasema nini."

"Najua."

"Na bado unakataa."

Nikanyoosha kidole ukutani. "Soma pale. Ni mwandiko wa nani?"

Hakusoma. Alishika kreti la kwanza. "Gatimu wa stendi atanunua. Yeye haulizi samaki kama ameolewa."

"Basi mpelekee Gatimu!"

Ole wake mwanamke mwenye mdomo mwepesi. Nililitoa neno hilo kwa kiburi, na moyo wangu ukalikimbilia ulirudishe, lakini limeshavuka mlango. Alipochukua kreti la pili mkono wake ukagusa wangu. Ulikuwa baridi vile vile. Hatukuambiana kwaheri.

Gari lilipokwisha kupotea, Lynn akaingia, akaanza kuokota mayai sakafuni kwa kadibodi. "Bosi, ungenunua tu. Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Yeye angejua. Tungeoana, halafu hao samaki tulale nao katikati ya kitanda kila siku."

"Lakini sasa hamtaoana kabisa."

Nikainamia barafu nikalia, na Lynn, Mungu ambariki, akaongeza sauti ya redio ili wateja wasinisikie.

Nilipopata pumzi nikampigia Hodo. Nikamwambia trauti wakubwa sina, kwamba waliokuja wana mayai, na kwamba ninaweza kumpa wale wa kila wiki wa kutosha sahani pamoja na tilapia wa Kirinyaga.

"Kagure, dada yangu, bibi harusi alitaka wakubwa."

"Najua, Hodo. Nisamehe."

"Sasa mimi ntamwambia nini?"

"Mwambie wakubwa wako na mimba."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekasirika bado. "Basi lete hizo za sahani. Lakini kwa sauti yako, wewe ndiyo unaonekana umefiwa."

*

Siku hiyo nilifunga mapema nikaenda nyumbani Giakanja. Baba nilimkuta nyuma ya nyumba akikatakata majani ya kondoo wake. Baba yangu ni mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa kidogo na mahindi kidogo, lakini roho yake yote iko kwenye boma la kondoo. Samaki hajawahi kuonja. Kwao wazee wa zamani hawakula samaki, na yeye aliona hakuna haja ya kuwa mjanja kuliko wao. Biashara yangu huiita "zile nyoka zako za maji," lakini akiwa na wageni hujisifu nayo.

"Umekuja mapema," akasema. "Nyoka zimeisha?"

"Baba, Jumamosi hakuna mbuzi."

Panga likasimama. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia. Nilitarajia angenikata kauli mahali fulani, aseme "nilikuambia," maana alikuwa ameniambia. Hakusema. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea nguzo.

"Hizo samaki," akauliza, "zilikuwa na mimba ya kweli? Mayai yamekomaa?"

"Yanakaribia. Wiki chache tu zilikuwa zimebaki wakamuliwe."

"Na huyo kijana anajua?"

"Yeye ndiye alinifundisha mimi."

Akatikisa kichwa pole pole. Kondoo mmoja mchanga, jike, alisogea akaanza kula majani aliyoshika baba, naye akamwacha ale.

"Na wewe ulikataa kununua. Ukijua Jumamosi ni hii."

"Ndiyo, baba."

"Na unampenda huyo kijana?"

Hilo swali baba wa kwetu hamuulizi binti yake, na binti hajibu. Tunatuma shangazi. Nilihisi masikio yangu yakiwaka.

"Nampenda," nikasema nikiangalia kwato za kondoo. "Nimemkasirikia mpaka naumwa tumbo, lakini nampenda."

"Hm." Akarudi kwa panga lake. "Waambie akina mama yako wapike ile Jumamosi vile walikuwa wamepanga."

"Lakini hawaji na kitu!"

"Wasipokuja, tutakula sisi wenyewe. Viazi haina makosa."

Ijumaa nzima simu ya Ngatia haikulia kwangu, na yangu haikulia kwake. Mara kadhaa niliishika nikaiweka. Kiburi ni blanketi fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. Kilichonitesa zaidi ni kitu kimoja: kama aliwauza kwa Gatimu, basi hata akija na kundi zima la mbuzi, mimi singemtaka tena. Na nikijua singemtaka, bado ningemtaka. Sasa mtu kama mimi asaidiwe na nani?

*

Jumamosi mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa umepondwa na mashangazi walikuwa wamejifunga vitambaa kabla jua halijapanda vizuri. Kwa desturi mimi nilipaswa kukaa chumbani, nisionekane mpaka niitwe. Nilikaa chumbani, lakini dirisha la chumba hicho linaangalia lango, na hakuna desturi inayofunga macho.

Walikuja. Niliona kwanza kofia ya mjomba wake, Mzee Muchiri, ambaye ndiye msemaji wao. Kisha Mama Ngatia akiwa na kitambaa cha kichwa cha hariri na uso wa mtu aliyeletwa kwa nguvu. Nyuma yao Ngatia, na shati jeupe, mikono mfukoni. Hakukuwa na kondoo. Hakukuwa na mbuzi. Nikashika pazia.

Baba hakufungua lango. Alisimama ndani, wao nje, mikono yake juu ya ubao wa juu.

"Karibuni," akasema. "Mmekuja na nini?"

Mzee Muchiri akakohoa. Kabla hajaanza, Mama Ngatia akaruka mbele. "Mzee, hata tumeaibika. Mbuzi ziko, ziko kabisa, lakini zimeshikwa na homa jana jioni. Daktari wa mifugo amekataa zisafirishwe. Si mnajua vile magonjwa…"

"Mama," Ngatia akasema. "Wacha."

"Ngatia, nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Hapana, mama. Hakuna mbuzi. Haziko hata nyumbani." Akatoa mikono mfukoni akavua kofia. "Mzee, nilitaka kuzinunua na samaki. Nilitoa samaki wenye mayai, wale wa kuzaa, nikaua nusu, nikamletea Kagure anunue. Akakataa. Alikuwa na haki ya kukataa. Hiyo ndiyo habari yote."

Mama Ngatia akafunika uso kwa kitambaa. Shangazi mmoja akasema "woi!" kwa sauti ya chini.

"Na hizo ulizoua," baba akauliza, "ulimuuzia nani?"

Hapo mimi nilibandika sikio dirishani.

"Sikuuza. Kuna mtu angenunua. Nilifika mpaka kwa mlango wake, nikazima gari, nikashindwa kushuka. Nikakaa hapo nikiangalia zile kreti. Mwishowe nikapeleka kwa makao ya kanisa ya wazee wasiojiweza, wakapika."

"Wakakula?"

"Wachache. Wengine waliuliza kama ni nyoka."

Mashangazi wakaangua kicheko. Mdomo wa baba ulicheza kidogo pembeni, akaurudisha mahali pake. Mimi huko dirishani nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, yote kwa pamoja, nikayafuta kwa pazia la mama yangu.

"Na zile zingine?"

"Nimetoa wavu. Zimerudi kwa maji."

"Sasa hebu niambie. Ulijua huna kitu. Ulijua nilisema ni leo ama basi. Kwa nini umekuja?"

Ngatia akazungusha kofia mikononi. "Nilisema nitakuja Jumamosi. Na nisingekuja, Kagure angefikiri niliuza."

Baba aligeuka akaondoka langoni, akawaacha wamesimama pale, akaenda nyuma ya nyumba. Wakatazamana. Mzee Muchiri akaanza kuvaa kofia yake, kama mtu aliyekwisha kuelewa. Mimi nikaona basi, mambo yamekwisha, nikatoka chumbani nikapita jikoni nikafika uani, desturi au si desturi.

Baba akarudi akivuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa yule kondoo jike mchanga. Akamleta mpaka langoni.

"Hii ni nini?" akamuuliza Ngatia.

"Ni mwati, mzee."

"Ukiwa na njaa leo, unaweza kuichinja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Haijazaa."

"Haijazaa. Imepandwa juzi na dume la Hezekiah, jirani yangu hapa. Ukinyonga hii, umenyonga boma lote la kesho. Hata mtoto wa nasari hapa Giakanja anajua mwati haichinjwi." Akageukia mjomba. "Muchiri, unaona huyu kijana wenu? Alitaka kuchinja mwati ili anunue mwati!"

Sasa hata Mzee Muchiri alicheka, mpaka akashika lango. Ngatia hakucheka. Alisimama ameinamisha kichwa, na nilitaka kumwambia baba inatosha, ameelewa.

Lakini baba hakuwa amemaliza. Akafungua komeo, akachukua mkono wa Ngatia, akaweka kamba ndani yake.

"Shika."

"Mzee?"

"Enda nayo."

Mama Ngatia akafunua uso. "Haiya! Baba wa msichana ndiye anatoa kondoo? Hiyo imeonekana wapi?"

"Mama Ngatia, mimi sijatoa kitu. Hii ni yangu. Zamani mtu alikuwa anampa mwenzake mnyama amchungie, ama mmesahau? Anachunga tu. Ailishe, aingoje. Ikizaa, huyo mtoto akiwa jike, huyo ndiye mwati ya Kagure. Mkuje naye hata kama bado ananyonya, mtapata hili lango limefunguliwa. Mbuzi mtatafuta wenyewe."

"Na akizaa dume?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Imetoka tu. Watu wote wakageuka wakaniona nimesimama uani na aproni ya jikoni, msichana anayeposwa, bila haya.

Baba akanitazama. "Utangoja tena," akasema. "Si ni wewe unakataza watu haraka? Si mmeandika kwa ukuta?"

Halafu akawaambia akina mama watie chakula kwenye sufuria, wageni wale wakiwa huko nje chini ya kivuli, kwa sababu kuingia bado hawajaingia. Na Mama Ngatia alikula. Nilimpelekea sahani mwenyewe. Alivuta hewa kidogo nilipoinama, nadhani akitafuta harufu, kisha akasema mukimo una chumvi nzuri. Kwa mama yule, hiyo ni hotuba.

Walipokuwa wanaondoka nikamsindikiza Ngatia mpaka kwenye barabara ya lami. Tulitembea kondoo akiwa katikati yetu, akisimama kila mahali kula nyasi, nasi tukisimama naye.

"Nilikuwa nakuja kukuomba msamaha Ijumaa," akasema. "Nikafika Kamakwa, nikaona kile kibao kupitia mlangoni. Nikarudi."

"Ningekufukuza."

"Najua."

"Halafu ningekukimbilia."

Akanitazama basi, vile anavyotazama yeye, bila haraka, kama mtu anayesoma maji. "Kagure, mimi niliogopa. Niliogopa nikichelewa tena utachoka. Sikuogopa baba yako wala mama. Nilikuogopa wewe uchoke."

"Sijachoka."

"Inaweza kuwa dume."

"Inaweza."

"Basi tutangoja mwaka mwingine?"

Nilipiga magoti pale kando ya barabara, na viatu vyangu vizuri, nikaweka kiganja chini ya tumbo la yule kondoo kama alivyonifundisha kwa samaki wake. Sikubonyeza. Ilikuwa mapema mno kusikia chochote, sufu na joto tu. Ngatia akachuchumaa upande ule mwingine, akapitisha mkono wake chini, ukakuta wangu. Baridi kama kawaida. Kondoo akashtuka, mimi sikushtuka.

"Ni jike," akasema.

"Umejuaje?"

"Sijui," akasema. Hakuutoa mkono wake. "Lakini nitangoja."